Mstari wa Mdomo na Mikono Iliyouchora

Katika studio za filamu za Hollywood, mwanzoni mwa karne ya 20, midomo ilikuwa kero ya kila siku. Taa zilikuwa kali, joto lilijaa chumbani, na mafuta mazito waliyopakwa waigizaji usoni yalilainika hadi yakaanza kutembea. Rangi iliteleza pembeni mwa kinywa, ikaingia kwenye vimistari vya ngozi, na mwigizaji aliyeanza tukio akiwa malkia akalimaliza kama mtoto aliyetoka kula zambarau. Kamera ilisogezwa karibu na uso, na kwenye skrini pana ukingo uliovuja hata kwa upana wa unywele ulionekana hadi viti vya nyuma.

Aliyeitafutia dawa kero hiyo alikuwa fundi wa nywele za bandia kutoka Poland, Maksymilian Faktorowicz, ambaye dunia inamjua kwa jina la Max Factor. Alianza kujifunza kazi ya wigi na vipodozi akiwa bado mtoto, akafungua duka katika mji wa Ryazan nchini Urusi, akawahudumia waigizaji na waimbaji wa majukwaa ya kifalme. Mwaka 1904 alihamia Marekani, akauza bidhaa zake kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis, na mwaka 1908 akatia nanga Los Angeles, mji ambao biashara ya filamu ilikuwa ndiyo kwanza inausogelea. Mwaka 1914 alitengeneza mafuta mepesi ya kupaka usoni mbele ya kamera, yasiyopasuka mtu akicheka wala akikunja uso. Tatizo la midomo likabaki.

Dawa yake, kama ilivyosimuliwa na waliofanya kazi naye, ilianza kwa kuufuta mdomo. Aliifunika midomo yote miwili kwa mafuta yaleyale ya usoni, hadi mpaka wa asili ukapotea. Kisha akachovya kidole gumba kwenye rangi, akakigandamiza mara mbili kwenye mdomo wa juu, kushoto na kulia kwa katikati. Akakigeuza kidole, akagandamiza mara moja kwenye mdomo wa chini. Alama hizo tatu akaziunganisha kwa brashi nyembamba, akanyoosha kingo. Kona za kinywa, mahali ambapo uvujaji ulianzia, aliziacha bila rangi kabisa.

Kilichotokea ni mdomo mdogo, mnene katikati, wenye vilima viwili juu. Mwigizaji Mae Murray aliuvaa, mwenzake Clara Bow akauvaa, na filamu zikaubeba hadi miji ambayo Factor hakuwahi kuikanyaga. Wasichana wa London na Paris wakakaa mbele ya vioo wakijipunguza midomo wakidhani wanaiga urembo. Waliiga dawa ya uvujaji. Hapo ndipo historia ya mstari wa mdomo inapovutia zaidi: karibu kila mbinu inayofundishwa leo saluni ilizaliwa na shida ya kazi, mafuta yanayoyeyuka, kioo kidogo, filamu isiyoona rangi fulani, na fundi aliyelazimika kulimaliza tatizo kabla kamera haijaanza kuzunguka.

Hiyo ya filamu isiyoona rangi inastahili kuelezwa. Filamu ya wakati huo iliona vizuri bluu na kijani, lakini nyekundu haikuiona. Mdomo uliopakwa nyekundu ulitokea mweusi tititi kwenye skrini, na kosa dogo la ukingo likawa doa jeusi juu ya ngozi iliyong'aa. Mpakaji alichagua rangi kwa jinsi itakavyotokea kwenye kijivu cha filamu, si kwa jinsi inavyopendeza machoni. Kwenye nusu ya pili ya miaka ya 1920 filamu mpya iliyoona rangi zote ilianza kutawala, na pamoja nayo zikaja taa za balbu zilizotoa mwanga wa joto zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1928 wapiga picha, mafundi wa taa na wapakaji walikutana katika studio za Warner Bros. kuzijaribu taa hizo, na Factor alikuwa miongoni mwao. Kazi yote ya rangi ikaanza upya, midomo ikiwemo.

Gumba la Factor lilikuwa jipya, ila brashi aliyoishika mkono wa pili ilikuwa ya kale sana. Katika jumba la makumbusho la Misri lililoko Turin, Italia, kuna karatasi ya mafunjo iliyochorwa zama za mafarao kina Ramesesi, yapata miaka 1150 kabla ya Kristo. Miongoni mwa picha zake yumo mwanamke aliyeshika kioo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anaupitisha ufito mrefu wa brashi mdomoni. Mchoraji huyo wa zaidi ya miaka 3000 iliyopita aliujua ugumu wa kazi yenyewe: kioo kiko karibu, kiwiko kimekunjwa, mkono umetulia. Yeyote aliyewahi kujichora mdomo ataitambua picha ile mara moja.

Kuna kitu kikongwe zaidi. Mwaka 2001 mafuriko ya mto Halil, kusini-mashariki mwa Iran, yalifukua makaburi ya kale katika eneo la Jiroft. Kati ya vilivyopatikana kulikuwa na kichupa chembamba cha jiwe kilichochongwa kwa nakshi. Mwaka 2024 watafiti walitangaza matokeo ya kuuchunguza unga uliokuwemo: mawe mekundu ya chuma yaliyosagwa, madini mengine ya kuitia giza rangi, na nta na mafuta ya mimea. Vipimo vya umri viliuweka kati ya mwaka 1936 na 1687 kabla ya Kristo. Wanaamini ilikuwa rangi ya midomo. Mchanganyiko wake, unga mwekundu uliofungwa kwa nta na mafuta, hautofautiani kimsingi na lipstiki inayouzwa leo Kariakoo.

Wajapani ndio waliouinua mstari wa mdomo ukawa sanaa yenye kanuni. Rangi yao, beni, hutolewa kwenye maua yanayoitwa benibana. Ua lenyewe ni la manjano, na nyekundu ndani yake ni kidogo mno. Mafundi huliosha na kulichachusha mpaka manjano iondoke, kisha nyekundu inayobaki hupakwa ndani ya kibakuli cha kauri na kuachwa ikauke. Ikikauka hubadilika sura: hung'aa kijani chenye mwanga wa metali. Mpakaji akiigusa kwa brashi yenye maji, nyekundu inarudi.

Kwa kuwa beni haina nta wala mafuta, haivuji. Huingia kwenye ngozi ya mdomo na kukauka hapohapo, kwa hiyo mstari unakuwa mkali kadiri mkono ulivyo mtulivu. Geisha wa Kyoto, watumbuizaji wa jadi, na wanafunzi wao hupaka unga mweupe uso mzima, midomo ikiwemo, kisha huchora mdomo mpya ulio mdogo kuliko wa asili. Mwanafunzi anayeanza huruhusiwa kupaka mdomo wa chini tu. Factor alipoufuta mdomo kwa mafuta ya usoni kabla ya kuuchora upya, alikuwa akipita njia ambayo wanawake wa Kyoto waliizoea zamani.

Mwanzoni mwa karne ya 19 ulizuka katika mji wa Edo, Tokyo ya leo, mtindo wa kupaka beni tabaka juu ya tabaka kwenye mdomo wa chini mpaka kijani kile cha kibakuli kionekane mdomoni. Beni ilikuwa ghali kupita kiasi, na wasio na uwezo walibuni ujanja: walitanguliza wino mweusi, kisha beni kidogo juu yake, na mng'ao ukatokea karibu uleule. Ni mbinu ya kupaka rangi ya chini ili ya juu ibadilike, na wapambaji wa leo bado wanaishi kwayo. Nyumba ya Isehan, iliyoanza kutengeneza beni mwaka 1825, inaendelea na kazi hiyo Tokyo hadi leo.

Pwani ya Afrika Mashariki wekundu wa mdomo ulikuja kwa njia nyingine kabisa, ya tambuu. Jani la mtambuu, popoo na chokaa vikitafunwa pamoja hutoa maji mekundu yanayotia rangi ulimi, meno na midomo. Wekundu huo hauna mstari. Unatoka ndani kwenda nje, umekolea pale midomo inapokutana na kufifia kuelekea ukingoni. Ukali wa mstari, mwanamke wa pwani aliuweka kwingine: kwenye jicho kwa wanja, na kwenye viganja na miguu kwa hina. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipomwachia binti yake wasia katika utenzi wake wa mwaka 1858, aliutaja wanja na aliitaja hina. Mkono wa mchora piko wa Lamu, Mombasa au Unguja, anayevuta mstari mwembamba bila kuuinua wala kutetemeka, una ujuzi uleule ambao mpaka rangi wa midomo hutumia miaka kuupata. Ni haki kusema kwamba lipstiki ilipofika pwani, ilikuta mikono iliyokwisha fundishwa.

Lakini ilifika kwa umbo gani? Mpaka mwishoni mwa karne ya 19 rangi ya midomo huko Ulaya iliuzwa kwenye vikopo, ikapakwa kwa kidole au brashi. Nyumba ya manukato ya Guerlain mjini Paris inajihesabia mwaka 1870 kuwa ndio ilipotoa rangi ya mdomo ya kijiti, ndani ya kifuko kilichoweza kujazwa tena. Hatua kubwa ikachukuliwa Marekani. Mji wa Waterbury, Connecticut, ulikuwa wa viwanda vya shaba, vilivyotengeneza vifungo vya sare na maganda ya risasi. Viwanda hivyo vilikuwa na mashine za kukunja shaba iwe mirija midogo, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia mirija hiyo ikaanza kubeba lipstiki iliyosukumwa juu kwa kidole. Mwaka 1923 James Bruce Mason Mdogo, wa Nashville, alipata hataza ya mrija wa kuzungusha, ule ambao kila mtu anaujua leo.

Mrija ulimkomboa mwanamke. Rangi ikaingia kwenye mkoba, ikapakwa ndani ya treni, ofisini, mkahawani, bila kikopo wala kidole kilichochafuka. Hata hivyo mrija uliharibu mstari. Ncha ya lipstiki ni nene kuliko ukingo wa mdomo. Ikishatumika mara kadhaa inakuwa butu, na kile kilichochorwa kwa brashi ya nywele chache sasa kinaburuzwa kwa kipande cha nta chenye unene wa kidole cha mtoto. Watengenezaji walilijua hilo. Ndiyo maana ncha za lipstiki hukatwa kwa mshazari, upande mmoja uwe mkali. Helena Rubinstein, Mpoland mwingine aliyetajirika kwa vipodozi, aliuza miaka ya 1920 lipstiki aliyoinadi kuwa inachonga yenyewe vilima viwili vya mdomo wa juu. Hakuna ncha iliyowahi kufua dafu mbele ya brashi, na wapakaji wa studio hawakuiacha brashi hata siku moja.

Katika miaka hiyohiyo ya mrija, mdomo mdogo wa gumba ulianza kuchosha. Mwigizaji Joan Crawford alikuwa na kinywa kipana na hakutaka kukificha. Factor akafanya kinyume cha yote aliyoyafanya kwa Clara Bow: aliivuta rangi nje ya mpaka wa asili, juu na chini, akaifikisha mpaka kwenye kona. Mwaka 1932, katika filamu ya Rain, mdomo ule ulijaza skrini. Wamarekani waliuita upinde wa mwindaji, wengine wakauita mpako. Kwa jicho la ufundi, hatua hii ilikuwa ngumu kuliko ile ya gumba. Ndani ya mpaka, ngozi yenyewe ya mdomo inakuonyesha pa kuishia. Nje yake unachora juu ya ngozi ya uso, yenye vinyweleo na matundu ya jasho, na hakuna kitu cha kukushika mkono. Crawford hakuweza kupakwa hivyo mpaka mafuta ya usoni yawe yametulia kwanza, yakafunikwa kwa poda, ndipo brashi ipite.

Factor alifariki mwaka 1938. Mwanawe Frank akachukua jina la baba, akawa Max Factor Mdogo, na kiwanda kikaendelea kuhangaika na swali lilelile la kuifanya rangi ikae. Karibu na mwaka 1940, wakiwa wanaandaa lipstiki isiyotoka, mafundi wake walitengeneza mashine yenye midomo miwili ya mpira iliyogandamizwa pamoja mara nyingi, ikibusiana, ili kupima rangi inahimili kiasi gani. Picha za mashine hiyo bado zinazunguka, na watu wengi huzicheka. Ila mashine ile ilikuwa ya maana: kukaa kwa rangi kulipimwa kwa nguvu inayojulikana na idadi inayohesabika, badala ya kutegemea neno la muuzaji.

Ushindi ulipatikana jikoni. Hazel Bishop, aliyezaliwa mwaka 1906 huko New Jersey, alisomea kemia katika chuo cha Barnard, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi kwenye kampuni za mafuta akichunguza petroli ya ndege. Usiku, kwenye jiko la nyumbani kwake New York, alichemsha nta, mafuta na rangi. Yanatajwa majaribio 309. Rangi zinazong'ang'ania ngozi zilikuwa zimeshajulikana. Mkemia Paul Baudecroux wa Paris alizitumia mwaka 1927 kwenye lipstiki yake, Rouge Baiser. Tatizo lake lilikuwa kukausha midomo hadi ipasuke. Bishop alitafuta mchanganyiko wa mafuta utakaoilinda ngozi huku rangi ikiizamia. Mwaka 1950 lipstiki yake ilianza kuuzwa kwa dola moja katika duka la Lord & Taylor, na shehena yote ikaisha siku ya kwanza. Mwaka 1951 picha yake ilipamba jalada la jarida la Business Week. Miaka michache baadaye kampuni yenye jina lake ilikuwa imemtoka mikononi baada ya kesi na mshirika wake wa biashara, jambo ambalo mpaka leo linauma kulisoma.

Lipstiki isiyotoka ilikuwa na sharti lake. Lipstiki ya kawaida ikikosewa hufutwa kwa tishu, ukaanza upya. Hii ya Bishop ikishazama, kosa linabaki jioni nzima. Mstari ulipaswa kuwa sahihi kwa mara ya kwanza, na kwa sababu hiyo brashi ndogo zenye kifuniko zikapata nafasi mikobani. Wakati huohuo mpakaji Allan Snyder alikuwa akimchora Marilyn Monroe kwa nyekundu kadhaa kwa pamoja, iliyokoza zaidi pembeni na iliyo hafifu zaidi katikati, ili mdomo uonekane umevimba kidogo kuelekea kwenye taa. Kwa Snyder mstari haukuwa tena ukuta. Ulikuwa mahali ambapo giza linaanza.

Kwa nini rangi inavuja, hata leo? Lipstiki ni nta, mafuta na rangi. Mafuta yanayotumika sana ni ya mbarika, mazito na yenye kung'aa. Nta ya nyuki, ambayo Tanganyika iliisafirisha nje kwa wingi tangu enzi za Wajerumani, huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye mti wa jamii ya minazi huko Brazili, hustahimili hadi nyuzi 80 na ushei. Anayechanganya hucheza na vipimo hivyo: nta nyingi, kijiti kinakuwa kigumu na kinakwaruza, mafuta mengi, kinateleza na kung'aa lakini hakikai. Mafuta yakishapata joto la mwili hutafuta njia, na njia zipo tele. Kuuzunguka mdomo kuna vimistari vidogo vya ngozi vinavyozidi kina kadiri mtu anavyoongezeka umri, au anavyovuta sigara. Mafuta yanavipanda taratibu, yakibeba rangi pamoja nayo.

Penseli ya midomo inafanya kazi kwa sababu ni nta nyingi na rangi nyingi, mafuta kidogo. Ikipita ukingoni huacha kizuizi kikavu ambacho mafuta ya lipstiki yanashindwa kukivuka haraka. Poda inafanya kazi kwa kunywa mafuta. Tishu inafanya kazi kwa kuondoa yaliyozidi. Tishu za Kleenex, zilizoingia sokoni mwaka 1924 kwa ajili ya kufuta krimu usoni, zilikuja kupata kazi hii ya pili, hata hoteli zikawa zinawawekea wageni vijitabu vya tishu za midomo ili kuokoa vitambaa vya meza.

Hadi hapo, midomo yote ya Hollywood iliyotajwa ilikuwa ya watu weupe. Midomo ya Waafrika wengi ina rangi mbili. Wa juu na kingo zote huwa hudhurungi iliyokoza, wa chini una waridi katikati. Waridi hafifu ya dukani ikipakwa juu yake hutokea kijivu upande mmoja na ng'avu upande mwingine. Maduka hayakuwa na jibu, kwa hiyo wanawake walijijibu wenyewe. Marekani, wanawake weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kusini walichukua penseli ya kahawia ya nyusi au ya macho, wakachora ukingo wa mdomo kwa rangi iliyo karibu na ngozi yao, kisha wakaivuta ndani kwa kidole mpaka ikutane na lipstiki au lipshaini. Afrika Mashariki nako wanja wa penseli ulihama jichoni ukashuka mdomoni. Miaka ya 1990 mtindo huo ulipopanda kwenye majukwaa ya mitindo, penseli ya kahawia iitwayo Spice, ya kampuni ya MAC iliyoanzishwa Toronto mwaka 1984, ikawa maarufu duniani, na wengi walioinunua hawakujua ilikotoka mbinu yenyewe.

Biashara ililifuata hitaji hilo polepole. Eunice Johnson, wa kampuni ya Chicago iliyochapisha jarida la Ebony, aliwaona wanamitindo wa maonyesho yake wakichanganya rangi wenyewe ili wapate inayowafaa. Mwaka 1973 akaanzisha vipodozi vya Fashion Fair. Iman, Msomali aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipopigwa picha zilizomfungulia njia ya uanamitindo mwaka 1975, amesimulia mara nyingi jinsi alivyofika New York na kuulizwa na mpakaji kama amekuja na fandesheni yake mwenyewe. Naye alichanganya ya kwake. Mwaka 1994 alianzisha kampuni yake ya vipodozi. Kwa walio wengi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, hata hivyo, shule ya kuchora mdomo haikuwa kampuni yoyote. Ilikuwa saluni ya mtaani, na mpambaji wa bibi harusi.

Ukimtazama mpambaji mzuri akifanya kazi utaiona historia yote hii ikipita mbele yako bila yeye kuitaja. Anaanza kwa kuondoa maganda ya mdomo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, anapaka mafuta kidogo, kisha anayafuta, kwa sababu rangi haishiki juu ya mafuta. Anafunika midomo kwa fandesheni na poda, kama alivyofanya Factor kwa mafuta yake ya usoni. Penseli yake imechongwa muda huohuo. Anaanzia kwenye bonde la katikati ya mdomo wa juu, anachora vilima viwili, anahamia katikati ya mdomo wa chini, kisha anaanzia kona za kinywa kurudi ndani. Mstari wa kutoka kona hadi kona kwa pumzi moja huyumba, wa vipande vifupi haukosei. Kidole chake kidogo kimeegemea kidevu cha bibi harusi ili mkono usitetemeke, na anamwambia aache kinywa wazi kidogo, asitabasamu, maana tabasamu huuvuta mpaka ukapotea mahali pake.

Penseli haiishii ukingoni. Anaijaza kuelekea ndani, ili lipstiki ikiisha baada ya pilau isibaki duara tupu ya kahawia. Lipstiki anaipaka kwa brashi. Anagandamiza tishu, anarudia tabaka la pili, anaweka tishu nyembamba juu ya mdomo na kupitisha poda juu yake, na poda inapenya kiasi kinachotosha kuyanywa mafuta. Mwisho anachukua brashi bapa yenye fandesheni kidogo na kuusafisha mstari kwa nje. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayotofautisha mdomo uliopakwa na mdomo uliokamilika, na wanaojipaka wenyewe nyumbani huiacha kila mara. Waianze. Haina gharama yoyote, na inasahihisha nusu ya makosa ya mkono.

Njia ya Max Factor tunaijua kwa sababu alikuwa na kampuni, vijitabu, wapiga picha na jengo kwenye Highland Avenue ambalo sasa ni makumbusho ya Hollywood. Njia ya beni inajulikana kwa sababu nyumba ya Isehan imeitunza na kuifungulia makumbusho Tokyo. Wapambaji wa Mombasa, Unguja, Bagamoyo na Kampala waliofundisha vizazi viwili vya wanawake namna ya kuchora mdomo wenye rangi mbili kwa penseli moja ya kahawia hawana hata ukurasa mmoja wenye majina yao. Wengi wao bado wapo na bado wanafanya kazi. Wanafunzi wa historia na wa uandishi wa habari wawaendee sasa, wawahoji, wawapige picha za mikono ikiwa kazini, waandike majina yao, ya walimu wao na miaka waliyoanza.